Babu wa Nyuma ya Jiko

Zinaida aliondoka Malindi na mabegi mawili,
akaacha kodi ya miezi mitatu na sufuria ya shaba.
Bwana Twahir akanipa ufunguo na mifuko ya taka:
"Ghorofa ya tatu, Nyevu. Ijumaa nina mpangaji."

Siku ya kwanza ufunguo ulipotea mara nne.
Maziwa yaliganda, tokeni za umeme nilizotia asubuhi
zikaisha adhuhuri, feni ikazunguka kinyume.
Muuza viazi karai wa chini akaniambia
usiku husikia mtu akiburuta kiti,
akikohoa kama mzee aliyemeza majivu.
Nikafukiza ubani.
Nyuma ya jiko la gesi mtu akapiga chafya.

Hakuwa jini. Majini wa hapa nawajua kwa harufu.
Huyu alinuka mkate mweusi na paka aliyelowa,
kimo chake kibuyu, ndevu zake vumbi lililosokotwa,
amekaa ndani ya kiatu cha sufi kinachofika gotini,
kiatu cha nchi ya theluji, katika Malindi hii
ambamo hata ukuta hutoka jasho.
Kile cha kulia kililala kabatini, kitupu.

Kiswahili chake alikiokota ukutani:
nusu matusi ya wanandoa wa mlango wa pili,
nusu matangazo ya vifo redioni.
"Mshenzi wewe," akaniamkia kwa heshima zote,
"familia inasikitika kukutangazia
kwamba mimi nimesahauliwa."

Kwao, alisema, watu wakihama
mama wa nyumba huinama mbele ya jiko,
huweka kiatu, hutamka mwaliko.
Asipoalikwa hatoki. Hubaki na kuta,
hulia pamoja na mabomba hadi jengo livunjwe.
Zinaida alimbeba hivyo mara tatu, mji hadi mji.
Mara ya nne teksi ilikuwa inapiga honi.

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye friji.
Kwetu Chakama mambo ni kinyume.
Kigango cha babu wa babu yangu, aliyekuwa Mgohu,
kilipokitwa hakikuguswa tena.
Watu walihama, chenyewe kikabaki na nyasi.
Hawe alikuwa akisema: koma hapandi gari.
Halafu, mwaka niliozaliwa, usiku,
mtu akakikata kwa msumeno, akaacha kisiki
na nyayo za viatu vya raba.
Mvua ya mwaka ule ilipita juu kwa juu.

"Na huyo," akauliza, kichwa nje ya kiatu,
"huko alikopelekwa, nani alimwalika?
Nani alimwekea mkate?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga kamba kwenye kiatu,
nikasema nilivyoweza, haya ikinitafuna:

    Babu wa moto na moshi,
    panda, gari ni kiatu;
    kwangu hakuna ubishi
    ila wa wana watatu.

Nikamburuta ngazini. Kila kidato aliuliza kama tumefika.
Mwenye tuktuk akatoza nauli ya watu wawili.
Sikubisha.

Nyumbani Maweni nilimweka kati ya ndoo na mbuzi ya nazi.
Asubuhi sufuria zilikuwa zimesuguliwa hadi zikanionyesha uso,
na Dama, aliyelala nywele timtim, akaamka amesukwa
msuko asioujua msusi yeyote wa Malindi,
mnene, wa upande mmoja, kama kitu cha kushikia hatamu.
"Kwetu husuka farasi," akajitetea. "Hapa sikumwona."

Mpangaji wa Bwana Twahir aliingia Ijumaa.
Analalamika nyumba ni kimya mno, hapati usingizi.

Mimi jioni huweka kipande cha mkate na chumvi nyuma ya jiko.
Kando yake kata ya mnazi, si ya huyu.
Hugeuka upande nisioujua,
kwenye nyumba yoyote ya vioo na baridi
ambamo mzee amesimamishwa kwa mguu wa chuma,
nikamwita kwa jina lake na la babake:
Mwaringa wa Kaingu,
kamba ninayo.
Kiatu cha kulia bado kitupu.